Mikanda ya Marobota

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Naamini barua hii inakukuta mzima na kifua cha mama kimetulia. Huku Kariakoo mimi, Selemani na wajukuu zako wawili sote tu wazima, na uzima huo ndio ulionikalisha kuandika.

Tangu uondoke bila kuaga, moyo wangu haujatulia. Najua ulimsikia mume wangu Selemani akiwaambia wenzake barazani, "Mkwe kafunga nyumba kama robota la vitenge." Nami badala ya kumnyamazisha nikacheka. Wewe ulikuwa juu ya ngazi na ile mikanda ya chuma uliyookota nyuma ya maduka ya nguo, ambayo wakishaikata kwenye marobota huitupa. Uliipinda juu ya kila kenchi ya paa ukaipigilia mpaka kwenye nguzo za ukuta. Ukasema, "Upepo hausukumi paa, mwanangu, unalinyanyua. Lazima livutwe chini." Nikadhani ni woga tu wa mzee aliyezoea tufani za Lindi.

Baba, juzi tufani imetufikia na sisi. Ilikuja mchana, nachambua mchele. Bati za jirani zilivuka mtaa kama karatasi, na nyumba inayofuata ikabaki kuta tupu. Ya kwetu ililia misumari yote, nami nikajibana na watoto uvunguni nikikutaja jina. Paa la vyumba halikusogea.

Ila kuna jambo sitaki ulisikie kwa mwingine. Ulipoondoka, Selemani aliing'oa mikanda ya barazani kwa sababu wapita njia walikuwa wakiitazama. Ngazi nilimshikia mimi. Paa la baraza limekwenda lote, mbao na bati, tumelikuta mtaa wa pili. Limekatikia pale pale mikanda yako inapoanzia. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Nisamehe baba, nimeona aibu sana.

Jana balozi wa nyumba kumi alipita kukagua hasara. Akainua macho chumbani, akauliza, "Nani kafunga hivi?" Kabla sijafungua mdomo Selemani akamjibu, "Baba yangu." Hakusema mkwe. Tangu asubuhi majirani wako nyuma ya maduka wanagombea mikanda, na wenye maduka wanawashangaa.

Mwambie mama khanga yake ndiyo niliyowafunikia watoto vumbi lilipokuwa linamwagika. Nisalimie shangazi, na mdogo wangu anayefundisha watu wazima kusoma hapo kijijini. Najua ndiye atakayekusomea hii, basi asiruke pale nilipoomba msamaha.

Selemani amesimama nyuma yangu na nyundo mkononi. Mikanda ameshaiokota, imejaa kikapu, lakini barazani hajagusa kitu. Anasema niandike hivi: "Baba, tunakuomba urudi. Safari hii ngazi nitashika mimi."

Mwanao, mzima kwa kazi ya mikono yako,
Zuhura