Mama Mkwe Ampaka Paka Dawa ya Mbu, Sasa Anamgeukia Mwanangu

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevimba kwa hasira, na nikizidi kunyamaza nitapasuka, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, kazi naifanyia sebuleni kwangu, na mbu wa kwetu hawana adabu, wanakuuma mguu ukiwa juu ya pedeli, basi nikajifunza kutengeneza dawa mwenyewe, napasha mafuta ya nazi kwa moto mdogo pamoja na mchaichai na karafuu, nachuja, yakipoa natia matone machache ya mafuta ya mkaratusi, najipaka mimi na mume wangu, na hakuna aliyedhurika. Nikajifungua, mama mkwe akaja kunisaidia, na Mungu anajua nilimpokea kwa mikono miwili. Hakukaa sana akaijaribu ile dawa mkononi, akanusa, akasema, "Dawa gani hii haiwashi? Haya si marashi haya!" Akachukua chupa nzima ya mkaratusi akaimimina humo, mimi niko bafuni!

Tuna paka, tunamwita Bosi, na viroboto wake nawatoa kwa chanuo na maji ya sabuni. Nilimwambia mama kabisa kwamba dawa ya watu hapakwi paka, maana paka hujilamba. Akacheka. "Kwani huyu ana ngozi ya dhahabu?" Nikaenda kumpelekea mteja gauni lake, kurudi namkuta Bosi ameloa dawa kuanzia shingoni mpaka mkiani, udenda unamtoka, anapepesuka kama mlevi, mume wangu akambeba tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akaoshwa, akatundikiwa dripu, akapona kwa bahati tu. Daktari alisema wazi kwamba mafuta hayo ni sumu kwa paka. Mama mkwe yeye anasema paka kazeeka na anadeka.

Sasa sikia, Shangazi. Jana wageni wamejaa sebuleni kuja kumwona mtoto, namwona bibi yake kafungua chupa ileile ya dawa, kamimina kiganjani, na mkono unaelekea usoni kwa mwanangu ambaye hata mwezi hajatimiza. Nikapiga kelele, "Mama, ondoa mkono wako!" nikamnyakua mtoto. Tangu hapo mama kanuna, hali, hasemi, kafunga begi lake. Mume wangu anasema nimemdhalilisha mama yake, nipige magoti mbele ya wageni walewale niombe radhi, na nimwachie bibi amhudumie mjukuu wake kama alivyowalea wao. Nipige magoti kwa lipi? Nikikataa ndoa yangu inayumba, nikikubali mkono ule utarudi. Nisaidie.

Fundi Aliyevimba

*

Marahaba, Fundi, na pole. Kaa chini, usipasuke, una mtoto wa kunyonyesha.

Mkono ule uliufukuza vizuri. Ningekuwepo, kelele zangu zingekushinda. Kichanga hapakwi dawa ya mbu, iwe ya dukani, iwe ya jikoni, na mkaratusi karibu na pua yake unaweza kumkata pumzi. Watu wakisikia "ya asili" wanadhani haina madhara! Upupu nao ni wa asili, mbona hawajipaki?

Ila na wewe usijione malaika. Bosi katundikiwa dripu, umeshajua chupa ile imetiwa nini, halafu ukaiacha ikae kama pambo? Hapo umenikera kweli. Ifunge kwenye mfuko, itupe leo, pasipofikiwa na mtoto wala mnyama. Ukitengeneza nyingine, tengeneza kidogo, ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, iandike "ya watu wazima" na uifungie kabatini. Bosi abaki na chanuo lake, na viroboto wakizidi muulize daktari yule. Mtoto alale ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Kikitoboka, sindano unayo. Na yale maji yaliyosimama kwenye ndoo na makopo uani yamwageni, mbu wanazaliwa humo.

Sasa huyo mumeo. Msomee hapa. Bwana, si wewe uliyembeba paka? Si masikio yako yaliyomsikia daktari? Halafu unataka chupa ileile na mwanao waachwe chumba kimoja, kisa heshima! Mama ni wako, kumwambia ni kazi yako. Kaa naye, nyinyi wawili, bila wageni, umweleze kwa upole kwamba mtoto huyu hapakwi kitu bila wazazi wake kukubali.

Wewe Fundi, mpelekee chai chumbani umwambie, "Mama, nisamehe kwa kukupigia kelele mbele za watu." Ishia hapo. Usiongeze "lakini", usipige magoti mbele ya yeyote, na kwa kumzuia usiombe radhi leo wala kesho. Kisha mpe mtoto ambebe, na chandarua akitandike yeye kwa mikono yake. Akikubali, umepata mama. Akinuna, mwache anune, mjukuu wake anapumua.