Kitabu cha Rasi ya Nje

Jumatatu, 4 Septemba

Ufa umefika vidole vinne. Juma lililopita viwili na nusu! Nimepima mara tatu kati ya vigingi vyangu, nikidhani macho yananidanganya. Kipande kizima cha mwamba pale Rasi ya Nje kinajitenga na nchi kavu, polepole, kama jino bovu.

Nimeifunga njia. Mwaka wa kumi na sita huu mimi ni mtunza njia wa chama cha watembezi hapa Teistvik, sijawahi kufunga hata moja. Kamba nyekundu, ubao, herufi kubwa: HATARI, USIVUKE. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nimevua buti moja, la pili bado liko mguuni — sanduku! Nimeliacha sanduku! Liko ng'ambo ya ufa, hatua mia mbili, kwenye rundo la mawe, na kitabu kimo ndani. Mpumbavu mimi. Njia kumi, vitabu kumi, na atakayeandika jina lake katika vyote kabla ya Jumapili ya mwisho ya Septemba anapewa kikombe chenye mwaka wake. Watu wa hapa hukosa mazishi, hawakosi kikombe. Kamba itawazuia vipi wakati kitabu kinawasubiri?

Nimempigia simu Torleif, mwenyekiti wetu. Anasema kitabu hakiguswi kabla ya siku yake, kanuni ni kanuni. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na siku ile niligonga meza.

Jumatano, 6 Septemba

Nimewaona kwa darubini. Wawili, makoti ya njano, wameinama juu ya sanduku! Nilipofika kwenye kamba walikuwa wamesharudi, wakacheka, wakasema mwamba haujatikisika hata kidogo. Nimewatukana. Vizuri tu.

Dukani na Baba. Foleni ndefu, na mbele yetu nani kama si Gudveig, mkunga mstaafu, aliyeipokea nusu ya mji huu mikononi mwake. Yeye na Baba ndio pekee wenye vikombe vyote, kumi na tisa kila mmoja. Gudveig aliandika jina Rasi ya Nje tangu Juni. Baba alipasuliwa goti Mei, amechelewa, vitabu tisa tayari, kimebaki hicho kimoja.

"Eilert, rafu ya pili kuna glasi," Gudveig akamwambia Baba. "Nunua mapema, mwaka huu utanywea kahawa humo."

"Mama we, bado nina wiki tatu na miguu miwili."

"Mmoja na nusu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Baba akaweka mkate na samaki wake kwenye mfuko. Ana miaka themanini na moja na masikio yake yalikuwa mekundu.

Jumamosi, 9 Septemba

Kikao cha chama. Nimependekeza mwaka huu vitabu tisa vitoshe. Wote wameinua mikono, hata Torleif! Nimeteremka kilima karibu nikikimbia. Nilijua nimemaliza jambo.

Baba alikuwa jikoni chini anamenya viazi. Nikamwambia. Hakugeuka.

"Hicho ni kikombe cha huruma. Kawapeni kondoo."

"Baba, ni uamuzi wa chama."

"Chama kinaweza kuamua tisa ni kumi? Basi kiamue na mimi nina miaka arobaini."

Nikamwambia ufa sasa unameza kiganja. Akasema ameipita njia ile kabla sijazaliwa, akiwa na mzigo wa nyasi mgongoni. Nikamwambia mwamba haumjui. Nikapandisha sauti. Akapandisha yake. Tulisimama pale wawili, videvu mbele, namna ileile, mpaka viazi vikachemka na kumwagikia jiko.

Baadaye akasema kwa utulivu kabisa: "Solbjørg, kalale." Mimi! Nina miaka hamsini na saba, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Jumapili, 10 Septemba

Mvua. Viganja viwili. Hakuna aliyevuka. Baba hasemi na mimi.

Jumanne, 12 Septemba

Mtaalamu wa miamba amekuja kutoka mji mkubwa. Kijana mpole, viatu vipya. Alilala kifudifudi na kumulika ndani ya ufa kwa tochi, alipoinuka hakuwa na rangi usoni. Anasema chini kuna udongo laini, maji yakiingia ni kama sabuni. Mvua kubwa inatabiriwa Alhamisi. "Asivuke mtu. Hata wewe."

Nikamuuliza habari ya sanduku.

"Sanduku gani?"

Nikamweleza. Vitabu, vikombe, Jumapili ya mwisho. Akauliza kwa nini sikulitoa siku ileile niliyofunga njia, wakati ufa ulikuwa wa vidole vinne na mtu angeweza kwenda na kurudi kwa dakika tano. Nikasema kuna kanuni. Nilijisikia vibaya mno nilipolisema neno hilo mbele ya mgeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na mimi sikuwa hata na ufa wa kuziba. Nilikuwa na sanduku la kubeba.

Jumatano, 13 Septemba

Nimemfichia Baba mabuti yake. Yako kwangu juu, nyuma ya mashine ya kufulia. Ninaona aibu kuliandika. Mwanamume aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na mimi namwibia viatu!

Hajauliza yako wapi. Hilo ndilo linalonitisha. Angefoka ningelala vizuri. Badala yake jioni amepanda ngazi, amegonga, ameniletea kipande cha mkate na jibini ya kahawia. Akasema nimekonda. Akashuka.

Alhamisi, 14 Septemba

Saa nne na robo. Mvua ya kumwaga. Gudveig kapiga simu. Kamwona Baba anapita kwake kwa mabuti ya mpira, yale ya kuoshea mashua. Kadhani anakwenda gatini. Kisha kamwona anakata kulia, njia ya rasi. "Mimi na mdomo wangu," anasema. Analia. Sina nafasi ya kumbembeleza. Naondoka.

Saa tano kasoro robo. Niko kwenye kamba. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Yuko ng'ambo. Ameketi kando ya rundo la mawe, mgongo kwangu. Amevuka! Ufa sasa nikiingiza mkono mpaka begani sigusi chini, na upana wake — naweza kuuruka mimi, na yeye aliuruka, kwa goti lile. Ukingo wa upande wake umeshuka kuliko wa kwangu. Asubuhi haikuwa hivyo, nyayo zake zinaonyesha alipita sawasawa.

Nimewapigia waokoaji. Helikopta haiwezi kuruka kwa ukungu. Boti haiwezi kukaribia mawe. Watu wenye kamba wanakuja kwa gari, dakika arobaini. Asisogee, wamesema. Mara tatu wamesema.

Nimempigia Baba.

"Nimeandika," akasema. "Jina, tarehe, hali ya hewa. Sasa ni kumi."

"Kaa hapohapo. Usisimame."

"Habari ya kukaa ndiyo niliyotaka kukuambia." Sauti yake haikuwa ya ubishi. "Mawe nyuma yangu yanaanguka. Moja moja. Nayasikia yakifika majini. Na chini ya makalio yangu pananguruma, mwanangu, kama tumbo."

Nimewapigia waokoaji tena. Asisogee. Nikawaambia habari ya mawe. Mwanamke aliyepokea simu akasema: wewe uko hapo, wewe unaona, mimi sioni.

Naona nini? Hatua mia mbili za majani yaliyolowa. Mzee mwenye mabuti yanayoteleza. Akija na ardhi ikaondoka akiwa katikati, ni mimi niliyemwita. Akibaki na ikaondoka, ni mimi niliyemwambia abaki. Ningelitoa lile sanduku! Nilikuwa na dakika tano na vidole vinne tu.

Nimempigia tena. Kabla sijasema neno:

"Solbjørg. Niambie wewe. Nitafanya utakalosema."

Sijawahi kusikia maneno hayo kwake. Si kwangu, si kwa Mama, si kwa daktari aliyempasua goti.

Nikautazama ukingo. Akasema basi, ngoja ninywe kahawa kwanza, ikiisha nitakupigia, wakati huo uwe umeamua. Akakata.

Gari halisikiki. Mvua imezidi. Ukingo wa ng'ambo — umeshuka tena? Sijui. Kwa darubini naona mvuke wa thamosi yake. Anakunywa polepole, kwa ajili yangu, najua, kahawa yake kwa kawaida huimaliza kwa mikupuo mitatu.

Amekigeuza kikombe. Anakikung'uta.

Simu inaita