Vigae vya Bafu la Wajir

S.L.P. 214,
Garissa.

Alhamisi, 28 Machi 1996.

Mpendwa ndugu yangu Abdihafid,

Assalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua chako kimetulia sasa baridi ya Toronto inapoelekea kuisha. Aweys aliye huko nawe amepata kazi? Sisi huku tuko salama. Joto limezidi, mvua bado, na maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu.

Hooyo, mama yetu, anaendelea kama anavyoweza kuendelea mzee aliyevunjika nyonga. Alitoka hospitali tarehe 13. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, anapumzika, anarudi. Anakula vizuri. Anakuulizia kila siku.

Sasa nina neno. Ulimpigia simu Adeer Barre ukamwambia Hooyo alianguka kwa sababu mimi sikulitunza bafu ulilomjengea. Hukuniuliza mimi kwanza. Tangu Aabo, baba yetu, afariki, Adeer Barre kama ndugu yake ndiye mwenye kauli katika nyumba hii, na alilichukua neno lako kama lilivyo. Jumamosi tarehe 23 alikuja hapa na wazee watatu wakakaa kunihukumu.

Unajua naandika shajara tangu nikiwa kidato cha pili. Niliwapa chai, kisha nikaleta madaftari mawili, nikiamini yatanitetea.

Wewe hujawahi kuliosha bafu hilo hata siku moja, kwa hiyo nitakueleza. Kila Alhamisi baada ya alasiri, ili Hooyo alikute safi kwa josho la Ijumaa, nafungua kichwa cha shawa kwa spana iliyofungwa kitambaa. Nakigeuza, tope la Tana linamwagika zito kama uji. Nazibua matundu kwa sindano ya kushonea, moja moja. Halafu nainua wavu wa mtaro na kuvuta nywele zilizoshikana na qasil, ule unga wa majani anaooshea nywele. Hataki shampuu, unamjua. Kabla ya qasil hujipaka samli kichwani. Samli na qasil zikikutana sakafuni huacha utando ambao jicho haliuoni, ni mguu tu unaoujua. Naumwagia maji ya moto na majivu, nasugua kwa brashi ngumu, kisha napiga magoti na kupapasa kila kigae kwa kiganja.

Ingekuwa saruji isiyo laini, utando huo usingemwangusha mtu. Tarehe 7 Agosti 1994, ulipokuwa hapa likizo, nimeandika hivi: "Nimemwomba Abdihafid sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa. Amecheka." Ulisema, "Abaayo, dada yangu, nitoke Kanada nije nimjengee mama yangu bafu la stendi?" Hata fundi Kulow alicheka. Ukaleta vigae vinavyong'aa kutoka Eastleigh, na majirani wakawa wanavua ndala kuja kutazama nyuso zao sakafuni. Hooyo mwenyewe alikwambia sakafu ile inaonekana imelowa hata ikiwa kavu. Ukamwambia atazoea.

Nilikuandikia mara mbili kwamba anateleza. Ukajibu ninunue mkeka wa plastiki. Nilinunua. Mafuta yakapita chini yake, mkeka ukateleza pamoja naye, na siku hiyo aliokolewa na ukuta.

Yote hayo niliwasomea wazee. Adeer Barre alisikiliza huku akihesabu tasbihi yake, na mzee mmoja akasema, "Huyu anaandika kila kitu kama polisi wa barabarani." Wakacheka kidogo. Nikaendelea mpaka nikafika Februari.

Alhamisi, 15 Februari: "Nimechoka na saumu. Nitasugua Jumamosi." Jumamosi, 17 Februari: "Wageni wa futari. Sikusugua." Jumatatu tarehe 19 Hooyo aliosha nywele kujitayarisha kwa Idi, na ndipo alipoanguka.

Ningeweza kuiruka mistari hiyo. Hakuna kati yao anayeweza kusoma mwandiko wangu. Niliisoma kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

"Basi," akasema Adeer Barre. "Umejihukumu mwenyewe."

"Adeer, ni Alhamisi moja katika themanini."

"Na mama ni mmoja."

Kosa hilo ni langu na nitakwenda nalo kaburini. Lakini kurasa zote zile kuhusu vigae zilikuwa kama sikuzisoma.

Niliomba Hooyo aulizwe. Alikuwa amelala nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Alisema, "Sakafu ilikuwa na utelezi. Ndivyo Mungu alivyopanga." Hakutaja vigae, wala maneno aliyokwambia kwa kinywa chake.

Walipoondoka nilikaa kumkanda mguu, nikamuuliza kwa nini hakunisaidia. Alinijibu bila kunitazama. "Samsam, wewe uko karibu. Utakasirika leo, kesho utaniletea chai. Yule yuko mbali. Akikasirika, nitamfuata wapi?"

Nimeandika maneno hayo katika shajara, na sasa nakuandikia wewe, ili uyabebe na wewe kidogo.

Wameamua kwamba Hooyo ahamie Wajir, kwa mkeo Zeinab, baada ya Idi ya Hija. Basi litamchukua tarehe 2 Mei. Kama ingekuwa ni uamuzi tu, ningelia nikanyamaza. Zeinab ni mwanamke mzuri na hajanikosea.

Lakini juzi, Jumanne, nilimwita Kulow aje kuvunja vigae vya hapa. Hii ni nyumba ninayoishi na sikuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa na patasi mkononi, mimi namwagia maji vumbi litulie, akasema, "Siku moja itabidi niende nikavunje na vile vya Wajir."

"Vya Wajir vipi?"

"Vya kwa Zeinab. Lori lilikuwa moja, vigae vilevile. Kule ndiko vinakong'aa hasa, maana nilivipanga hadi ukutani."

Abdihafid, niliiweka ndoo chini nikakaa juu ya vifusi. Hapa sasa sakafu ni saruji, Kulow ameikwaruza kwa ufagio ingali mbichi. Kuna bomba la chuma ukutani la kushikilia na kiti cha kuogea. Wanamtoa hapa kumpeleka kwenye sakafu ileile iliyomvunja.

Jana nilimpigia Zeinab simu dukani kwa Alio, kule Wajir. Alisema, "Abaayo, bafu ni la mume wangu. Akisema nivunje, nitavunja." Nikaenda kwa Adeer Barre. Yeye akasema wivu umenipanda kichwani. Umebaki wewe peke yako.

Mwambie Zeinab avunje vyote vya sakafuni, asivunje vichache halafu akaona vinatosha. Saruji ikwaruzwe ikiwa mbichi. Bomba la ukutani liwe usawa wa kiwiko cha Hooyo, si cha Zeinab, kwa kuwa Zeinab ni mrefu. Kiti kiwe na mpira miguuni. Maji ya visima vya Wajir yana chumvi, na matundu ya shawa yataziba kwa kitu cheupe kigumu ambacho sindano haikiwezi. Akiloweke kichwa cha shawa katika siki tangu asubuhi hadi jioni, kisha akisugue. Majivu na maji ya moto kila Alhamisi, hata katika Ramadhani, hata wageni wakiwa sebuleni. Wala asimkataze qasil na samli. Raha alizobakiza Hooyo ni chache.

Barua yako ya mwisho ilinifikia baada ya wiki tatu. Hii ikichukua muda huohuo, utabakiwa na siku chache tu, kwa hiyo usiandike. Mpigie Zeinab simu dukani kwa Alio.

Nakujua. Ukiamuru vivunjwe, Adeer Barre atauliza kwa nini, na itakubidi utaje aliyevichagua. Kwa siku mbili nimekuwa nikijiuliza kama utamchagua Hooyo au jina lako, na nimegundua kwamba sijui. Kati ya yote ya mwezi huu, hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja na sijui.

Nisalimie Aweys na jamaa wote mnaoswali pamoja huko. Eeddo Fatumo, shangazi yetu, anakusalimu, na Hooyo anasema uvae sweta mbili. Hajui ninachokuandikia.

Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akupe ujasiri wa kusema sentensi moja.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,

Samsam.