Panya Wazee Wanapona, Mama Anangoja

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu kazi na nyumba kwa pamoja. Mimi natunza panya kwenye maabara wanakochunguza kwa nini vidonda vya wazee vinachelewa kupona, na panya wetu ni vikongwe kweli, manyoya yamepungua, wanatembea kwa kujivuta, daktari anawachoma sindano ya usingizi, anawanyoa mgongo na kuwatia kidonda kidogo cha mviringo, kisha kazi yangu ni kusafisha, kubadilisha bandeji na kupima kidonda kila asubuhi, na sasa kuna marhamu mpya ambayo wakipakwa wanapona karibu kama vijana, basi mimi kwa furaha nikayasimulia hayo mezani nyumbani, mama ananisikiliza huku mguu wake uko juu ya kigoda, maana ana kidonda kifundoni tangu alipojigonga kitandani na hakijafunga mpaka leo. Tangu siku hiyo sina raha. Mama ameacha kwenda zahanati, anasema anangoja dawa ya mwanawe, jana kaniuliza, "Yaani panya wazee wapone, mimi mamako nioze?" na kaka yangu naye haishi kunisukuma, "Si kijiko kimoja tu! Nani atajua?" Daktari nilipomgusia alikataa katakata, lakini ufunguo wa friji yenye marhamu ninao mimi, Shangazi, na mama analala akiguna kwa maumivu. Nichukue?

Mtunza panya

*

Mwanangu, pole. Kumsikia mama akiguna na dawa unaijua ilipo si jambo dogo. Lakini usichukue.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba ngozi ya panya hufunga kidonda kwa kujivuta, na ya kwetu hujaza nyama polepole. Panya wako hawana ugonjwa wa sukari, na mama huenda anao. Kinachowafaa wao kinaweza kumchoma mama, na hapo utamwambiaje muuguzi umempaka nini?

Sasa nikugombeze. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kidonda cha panya kinapimwa kila asubuhi, cha mama kilipimwa lini? Bandeji ya panya inabadilishwa, ya mama nani ameifungua wiki hii? Anakula nini? Hujasema hata neno. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema asimgange mamake! Na ameacha zahanati kwa ajili ya maneno yako ya mezani. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko hiyo friji.

Kesho omba ruhusa, mpeleke zahanati wewe mwenyewe, apimwe sukari na watazame kama damu inafika vizuri mguuni. Kaka yako abebe mfuko, mdomo wake upumzike. Njiani mwambie mama ukweli: dawa ile bado ni ya panya, na ulikosea kumtamanisha. Atanuna. Mwache anune, ila asikose miadi.

Kisha kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa panya wako, nawa mikono, piga magoti mbele ya kile kigoda, fungua bandeji, safisha kama muuguzi alivyokuonyesha, tazama vizuri, funga. Mama akiuliza dawa iko wapi, mwambie hata panya huanza hivyo hivyo.

Shangazi