Pua ya Kaisari

Mtaa wa Subura,
Roma.
Siku tatu kabla ya Juni kuandama.

Mpendwa mwanangu Evodio,

Hujambo huko Masilia? Prima anaendeleaje na ujauzito? Mimi kifua kinanibana. Nalala, naamka, nakaa, nalala tena. Mganga ameacha kunidanganya.

Barua yako nimeisoma mara tano. Unasema mtoto akiwa wa kiume hutampa jina la baba yako Hilaro, kwa kuwa uzembe wake uliwatia aibu. Ndiyo maana naandika upesi, kabla mkono haujagoma.

Ulikuwa bado mtoto wa kunyonya, Kaisari wa zamani alipokufa na kulaaniwa. Karakana yetu ililetewa sanamu yake tuichonge upya, iwe sura ya Kaisari mpya. Jiwe hupunguzwa, haliongezwi, basi tulianza na nywele, tukashuka kwenye paji na mashavu. Hapo nyundo ikateleza, pua ikaanguka.

Kuivunja sura ya aliyelaaniwa ni sifa. Kuivunja ya aliye hai ni uhaini. Na ile ilikuwa nusu kwa nusu.

Mkaguzi wa serikali aliyetusimamia akaiokota ile pua. "Hii pua ya nani?"

Baba yako, mtu wa mizaha, akajibu: "Ya marehemu, bwana mkubwa. Huyu mpya yake bado haijaota."

Mafundi wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Unamdhihaki Kaisari? Nani aliyevunja?"

Baba yako akaitazama nyundo mkononi mwangu. "Sema basi, mdogo wangu. Umemeza patasi?"

Nikaiweka nyundo chini, nikajifuta vumbi mikononi. Akanisubiri. Kisha akasema, "Haya, ni mimi."

Walimpeleka kisiwani kuchimba mawe. Hakumaliza kipupwe cha pili.

Evodio, aliyeteleza ni mimi. Pua mpya niliichonga mimi, nikaiunga kwa msumari wa chuma, nikasifiwa. Hadi leo watu wanaifukizia ubani hekaluni, nami kila nipitapo hapo natazama chini.

Leo asubuhi nimempelekea hakimu maneno haya haya, ili jina la baba yako litolewe kati ya wahalifu. Wakija kunikamata, wakimbie mbio kuliko kifua hiki kinachoniua.

Kunisamehe hakuna haraka. Lakini mtoto akizaliwa, mwite Hilaro, na majirani wasikie.

Nisalimie Prima na shangazi yako Melitine. Miungu ya nyumba yetu iwalinde, na mtoto atoke salama.

Wako akupendaye, ingawa nimechelewa,
Baba yako mdogo,
Zosimo