Nanay Hataki Tena Maboksi

Malabor,
Tibiao, Antique.
Februari 14.

Mpendwa dada yangu, Manang Nila,

Salamu nyingi zikufikie huko Winipeg, wewe na shemeji Renato na binti yenu Maricar. Baridi inawafanyaje? Tulioneshwa picha yako umesimama kwenye theluji, koti limekufunika mpaka puani. Nikamwambia mama yetu Nanay ndiye wewe, akasema nimdanganye mtu mwingine, lile ni gunia. Magoti yako je? Na yule bibi unayemtunza, bado anakataa kula mpaka umwimbie?

Huku hatujambo. Mke wangu Ofelia alishikwa na kikohozi tangu Mwaka Mpya lakini sasa kimemwachia. Mimi ni mgongo tu, ule ule unaoujua. Asubuhi hii nimeuchukua mkono wa Nanay nikauweka kwenye paji la uso wangu mara mbili, ya kwanza yangu, ya pili yako. Akauliza kama nimesahau kwamba nimeshamwamkia.

Nakuandikia barua, sikupigii simu, kwa sababu kwenye simu wewe unalia, mimi napandisha hasira, na mtandao unakula yanayobaki. Yale uliyoniambia Jumapili bado yamenikaa kooni. Umeniuliza kama nimeuza vitu vyako. Umesema namwacha mama yako alale chini kama ombaomba. Mama yako, Manang! Kama vile mimi niliokotwa jalalani. Imeniuma, na sitajifanya haikuniuma.

Najua yote yametokana na ile picha aliyokutumia binamu yetu Purita. Ni kweli, Nanay amekaa sakafuni, anakula wali kwa mkono kwenye jani la mgomba. Picha haikudanganya. Ila Purita hakukuambia kwamba alipomaliza kupiga picha alikaribishwa, naye akakaa pale pale chini, akala akashiba, akaomba na wa kubeba.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, halafu unigombeze ukitaka. Unakijua kile kimbunga cha mwaka juzi kilichoondoka na mabati ya Nanay. Kulipokucha tulitoa kila kitu nje kukianika, pamoja na vile vya kwenye kabati la kioo, ulivyotuma miaka yote hii, ambavyo Nanay hakuruhusu mtu avishike kwa sababu ni vya wageni. Taulo bado zina lebo. Sabuni za kunukia zimegandana zikawa kama tofali. Chokoleti zimeota weupe, ndani zimejaa sisimizi. Viatu soli zimebanduka, na havijaenda hata kanisani. Uani hapakuwa na pa kukanyaga.

Nanay aligeuza beseni akalikalia, akavitazama mpaka jioni. Nilidhani anahesabu hasara, nikaanza kumfariji kwamba Manang Nila atatuma vingine. Akanikata, "Toto, hawa wageni niliokuwa nawatunzia ni akina nani?"

Wewe ungemjibu nini?

Basi akaanza. Taulo zilizopona alizipeleka kwa wanawake waliojifungua. Kabati alimpa mwalimu aweke vitabu. Friji alilichomoa akalitoa, anasema friji ni mahali pa kusahaulia samaki; sasa ananunua wa kuliwa leo, na mboga ni majani ya mlonge hapo dirishani. Gauni lake moja liko mwilini, la pili liko kwenye kamba. Saa ya ukutani ameitoa, analala kuku wakilala na anaamka akichoka kulala. Kitanda ndicho alichokitoa mwisho, akatandika mkeka kwenye sakafu ya mianzi kama tulivyolala wote utotoni. Anasema upepo unaopita chini ya sakafu haukuwa unamfikia kule juu. Na kitanda chako, kama unataka kujua kilipo, anakilalia Purita.

Viti navyo vilikwenda. Kwa hiyo sasa anayetaka kumtembelea Nanay anakuja na kiti chake. Mwanzoni watu walicheka, wakasema mama wa mtu aliye Kanada amefilisika. Siku hizi ukikaa barabarani alasiri utawaona wanawake wamejitwika viti vya plastiki wanakuja kupiga soga. Hata padri alikuja na kigoda chake. Alipokisahau, Nanay alinituma mbio nikirudishe jioni hiyo hiyo, asije akapata mazoea.

Usidhani nilikaa tu nikitazama. Niliona aibu kuliko wewe, kwa sababu mimi ndiye ninayepita sokoni na kusikia minong'ono. Nikadhani akili zinamtoka, nikampeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza jina lake, mwezi, mtaa, akajibu vyote, kisha naye akamuuliza daktari ana mikono mingapi hata aweke kalamu zote zile mfukoni. Tukarudi nyumbani.

Sahani zako zenye maua ya buluu ndizo tulizogombania. Nazikumbuka, zilikuja kwenye boksi lako la kwanza kabisa, kila moja imefungwa ndani ya soksi. Nilimwambia hizo hapana. Tukanuniana siku kadhaa, na unajua Nanay akinuna. Mwishowe alizipeleka kanisani, zitumike kwenye misiba. Sasa kukifiwa hapa Malabor, watu wanakula kwenye sahani zako, na wanaoziosha wanakutaja jina. Zamani zilikuwa zinakula vumbi tu.

Na anaimba, Manang. Anafagia chumba kitupu anaimba zile nyimbo za kupandikiza mpunga. Sijamsikia akiimba tangu tumzike baba yetu Tatay.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Boksi lako limefika Jumanne. Liko salama, halikufunguliwa njiani, shukrani sana. Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia, kwa sababu nilikiona cha kipuuzi. Boksi likifika, Nanay haruhusu mtu alifungue. Analikata utepe mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kisha kabla hakijatolewa kitu anaingiza kichwa chote ndani na kukaa humo. Miaka mingi nilidhani anatafuta chokoleti. Siku moja nilimtania kwamba atakwama, akatoa kichwa akaniambia, "Kunanukia nyumbani kwake." Ndiyo maana hata baada ya kimbunga hakuniruhusu nikuambie uache kutuma. Vitu vilikuwa vinagawiwa siku hiyo hiyo, yeye alikuwa ameshachukua chake.

Jumanne alikata utepe, akaingiza kichwa. Alikaa muda mrefu kuliko siku zote. Ofelia akanikonyeza, tukasubiri mzaha wake. Akatoka, akachukua ile sweta yako ya kijani uliyofungia chupa, akaibana puani kwa mikono miwili. Akasema, "Toto, mbona leo hamna kitu?"

Nikamwambia boksi limejaa pomoni.

"Siulizi vitu," akasema.

Manang, boksi lilikuwa linanukia mpaka barabarani, ile sabuni yako na kahawa na sijui nini cha huko. Nilichoma samaki mkavu mbele yake, akauliza nachoma nini. Nikaponda vitunguu saumu, hola. Kule kliniki wamesema ni uzee, pua imechoka, hairudi. Macho bado anayo, wamesema, na masikio pia, ila mtoto wa jicho ameanza upande wa kushoto.

Vitu amevigawa kama kawaida. Boksi lenyewe amekataa nilitoe. Nyumba nzima haina kitu zaidi ya mkeka, sufuria, Mama Maria ukutani, na sasa boksi tupu hapo mlangoni. Kila asubuhi akidhani sijaamka anaingiza kichwa, anangoja, anatoa. Mimi namwona kutoka dirishani kwangu, ng'ambo ya ua, na sijui nishike wapi.

Kila mwaka unasema utakuja Krismasi ijayo. Najua nauli ni kubwa, na najua inaishia wapi, inaishia kwenye maboksi. Sikulaumu. Tulikuzoesha sisi wenyewe, kila ukipiga simu tunaanza na tunavyohitaji. Sasa nakuambia ukweli mtupu, kwa jinsi anavyoishi, mama yako anahitaji samaki mmoja kwa siku, na huyo ninaweza kumnunulia mimi. Hakuna tena kinachokuzuia huko kwa ajili yake. Usitume boksi jingine. Njoo wewe, mkono mtupu, akuone wakati macho bado yapo. Nimekuwa nikikasirika tangu Jumapili, lakini chini ya hasira nimekukumbuka tu, dada yangu.

Nisalimie Renato, mwambie jogoo wake niliyemwachia alishazeeka akaliwa, pole sana. Mbusu Maricar. Ofelia anakusalimu, na padri, hata Purita, ambaye nakuomba usimwambie kwamba nimekuambia ya kitanda. Mungu akulinde barabarani penye barafu, ayape nguvu magoti yako, na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata ukimgombeza,

Toto Pulo

Nilipokuwa nafunga bahasha Nanay aliniita, akauliza nimekuandikia nini. Nikamsomea yote, hata ya boksi. Kisha akasema niongeze hili, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie asije na kiti. Wanaokuja na viti ni wageni."