Kopo la Magnolia

Kijiji cha Ujamaa Murukulazo,
Ngara.
22 Aprili 1979

Kaka yangu mpendwa Gozbert,

Shikamoo. Kama barua hii imekufikia mkononi, nusu ya haja yangu imetimia. Sisi tu wazima, ila Mama amekonda. Tangu Januari hatujapata hata mstari wako mmoja. Mwana wa Malongo, mliyeondoka naye, ameandika kutoka Masaka huko Uganda, wewe kimya. Redio ya balozi wetu wa nyumba kumi inatangaza ushindi, lakini haitaji majina.

Nikupe habari za mbegu zako za magnolia, ule mti wa maua. Ulipozileta kutoka bustani ya masista, ukaziosha ule utando mwekundu pale penye mtungi wa maji, ulituagiza tuzifukie kwenye mchanga mbichi, zisikauke kamwe. Lori la wanamgambo lilipowachukua wewe na wenzako kwenda vitani, Mama akafanya alivyozoea: akazifunga kwenye jani la mgomba, akazitundika juu ya jiko pamoja na mbegu za mtama, zipate moshi. Nilipogundua, zilikuwa zimekauka kabisa. Sikumwambia kitu. Nikazipanda kwenye kopo, naye akawatangazia majirani kwamba zikiota, basi wewe u hai.

Kaka, nimeteseka. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba la kijiji, anamwagilia kopo, anainama, anatazama udongo, kisha ananitazama mimi. Jirani yetu Genoveva alinishauri nichomeke mche wowote. Nilimjibu vibaya, na hadi leo hatusalimiani vizuri.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia Mama kuwa mbegu zilifia jikoni zamani.

Hakushtuka. Akasema, “Nilizifukua zamani, mwanangu, nikazikuta zimeoza. Ninamwagilia kwa ajili yako. Niliogopa kwamba nikiacha, nawe utaacha kumngoja kaka yako.”

Tulilia hadi ugali ukaungua. Tuliposogeza mtungi tuchote maji ya kunawa, tukaona kitu kwenye mchanga chini yake: kichipukizi kimoja, kimepauka kwa kukosa jua, kichwani kingali kimevaa ganda la mbegu yako. Bila shaka uliidondosha mwenyewe siku ile ukiosha.

Tumefungua dirisha la upande ule. Nilitaka kukihamishia kwenye kopo, Mama akakataa. Anasema mkono uliokiangusha ndio utakaokihamisha. Habari ya ishara hatuizungumzi tena. Tunapita kona ile kwa kunyata tu.

Mama anakusalimu sana. Usijisumbue na barua ndefu, kaka. Andika jina lako tu kwenye karatasi, uitume.

Ni mimi mdogo wako,
Jovina